Kikombe cha kununua si tuzo

SWALI: Ninasanifu tovuti na programu za simu, mwaka wa 19 sasa, na sijawahi kupata tuzo. Juzi nimeandikiwa barua pepe kwamba nimeteuliwa kuwa Mbunifu Bora wa Mwaka, ila nilipie kikombe na cheti ndani ya siku 5. Nilipe? Mbona hata tuzo kubwa hutoza ada?

JIBU: Usilipe, ndugu yangu. Barua za namna hii naletewa kila mara, na kinachoniuma kuliko utapeli wenyewe ni ile imani kwamba ukiteuliwa, basi kuna mtu ameitazama kazi yako. Nimeisoma barua uliyonitumia. Jina lako limo mara 4. Kazi yako haikutajwa hata mara moja.

Ada ipo, ni kweli. Webby, tuzo za kazi za mtandaoni zilizoanza mwaka 1996, hutoza anayewasilisha kazi; D&AD ya London, shirika la tuzo za usanifu na matangazo lililoanzishwa 1962, vilevile. Lakini huko unalipia kuhukumiwa, na wengi hutoka mikono mitupu. Penseli Nyeusi, tuzo ya juu kabisa ya D&AD, kuna miaka haikupata mshindi kabisa. Hao waliokuandikia wanakuuzia ushindi.

Halafu zipo heshima zinazomfuata mtu. Susan Kare alichora alama za kompyuta ya Macintosh iliyotoka 1984: karatasi ya mirabaraba, miraba 32 kwa 32, kila mraba nukta moja ya kwenye skrini. Nishani ya AIGA, chama cha wabunifu cha Marekani, alipewa 2018. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Na michoro yake ya karatasi bado ipo. Imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la MoMA, New York.

Kazi zako ziko wapi? Hili ndilo ningependa ulihangaikie. Kazi zetu hufa haraka: mteja hubadilisha tovuti, seva huzimwa. Kampuni ya Adobe ilipoacha kuihudumia Flash, programu iliyoendesha michoro hai na michezo kwenye tovuti, mwishoni mwa 2020, kazi za watu za miaka mingi ziligoma kufunguka. Rekodi video ya skrini kazi ikiwa bado hai, andika tatizo lilikuwa nini na nini kilibadilika, na utaje wenzako mlioifanya pamoja. Jopo la kweli litataka kuona hayo.

Vijana wanaoanza ndio ninaowahofia zaidi. Wanauziwa wafuasi, makala za kuwasifu, hata viti vya ujaji, kisha wanavijaza kwenye wasifu wao wakiamini wamepanda cheo. Siku mwajiri anayeijua kazi hii akiuliza majaji walikuwa akina nani, hawana la kujibu, na hapo hata kazi nzuri waliyoifanya kwa mikono yao huanza kutiliwa shaka.

Wakikuandikia tena kwamba bei imeshuka nusu, na watakuandikia, waombe majina ya majaji na orodha ya kazi zilizoshindwa.