Shangazi, mke wangu amekataa kutia saini

"Shangazi, kazini wamenipunguzia saa kutoka 45 hadi 27 kwa wiki. Nina mikopo mitatu ambayo marejesho yake yalikuwa yakichukua nusu ya mshahara wangu wa zamani. Nimepata mtu wa kunikopesha fedha za kuilipa yote kwa mpigo, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi na dhamana ya nyumba yetu, lakini mke wangu hataki kutia saini. Tangu agundue kwamba saa zilipunguzwa miezi mitano iliyopita, hazungumzi nami. Je, ndoa si ya shida na raha?"

Mwanangu, pole. Kupunguziwa saa si kosa lako, na inauma kuona mshahara unashuka ilhali rejesho linabaki palepale. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilimwona mkeo zaidi ya nilivyokuona wewe.

Umeandika "tangu agundue". Basi hukumwambia. Kwa miezi mitano mwanamke huyo amepanga matumizi ya nyumba kwa mshahara ambao haupo, na leo unamletea karatasi atie saini, kisha unashangaa amenyamaza. Shida na raha unazodai mzibebe pamoja, shida uliificha mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na deni ni maradhi ya namna hiyo hiyo.

Tena usiwatupie waajiri lawama yote. Nusu ya mshahara wa saa 45 ni jasho la saa 22 na nusu. Ukiitoa katika saa 27 za sasa, familia nzima inaishi kwa jasho la saa nne na nusu kwa wiki. Saa zilipokatwa kamba ilikatika, lakini ilikuwa imekwisha kuvutwa mno kabla ya hapo.

Kuhusu huyo mkopeshaji mpya, mkeo amekataa kwa haki na mimi niko upande wake. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ikiachwa ipande juu ya deni, hugeuza deni la 100 kuwa 214 baada ya miezi 8 tu. Leo unadaiwa fedha. Ukitia saini hapo utadaiwa fedha na paa. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Leo usiku keti naye, mweke mezani hati ya mshahara na mikataba yote mitatu, usibakize hata mmoja. Kisha nenda kwa wakopeshaji wako kabla hujakosa rejesho, ukiwa na barua ya mwajiri inayoonyesha saa mpya, uombe rejesho lipunguzwe na muda uongezwe. Anayekuja mapema husikilizwa tofauti na anayetafutwa. Uliza na upewe kwa maandishi jumla utakayolipa hadi mwisho, maana muda ukirefuka riba nayo huongezeka. Chakula na mahitaji ya lazima ya nyumbani vitangulie. Baada ya hapo utunze deni lenye dhamana, na kitakachobaki kiende kwenye deni lenye riba kubwa kuliko mengine. Kama yupo aliyekudhamini, mwambie wewe mwenyewe, kwa kuwa ukishindwa mlango utakaobishwa ni wake.

Wanandoa wengi wa siku hizi hulala kitanda kimoja miaka mingi bila mmoja kujua mwenzake anadaiwa kiasi gani, kisha huita jambo hilo kulinda amani. Mimi sijapata kuona amani iliyolindwa hivyo ikadumu.

Kuna jambo moja umeliruka katika barua nzima: fedha za mikopo hiyo mitatu zilifanya kazi gani? Usiniandikie mimi jibu. Mkeo ndiye anayelisubiri.