Farumi kwanza, mizinga baadaye: maswali ya waunda manowari za rimoti

Barua za safari hii zinatoka pande mbalimbali, lakini nyingi zinaishia kwenye mzani. Manowari ni ndefu, nyembamba, na imebeba vitu vingi juu. Ukiiunda ndogo, kosa dogo la uzito linailaza ubavu mbele ya watu.

SWALI: Wataalamu, salaam aleikum. Nataka kuunda Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyomalizikia Rufiji, iende kwa rimoti. Nina ramani za skeli ya 1:72. Itakuwa na uzito gani? Na nitumie mbao au faiba? – Fundi seremala, Tanga

JIBU: Waleikum salaam, fundi. Hiyo ndiyo meli wenyeji wa pwani walioiita "manowari na bomba tatu", kwa hiyo watakaokuja kuitazama wataanza kwa kuhesabu bomba za moshi. Usiziharakishe.

Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 115.3, upana wa mita 13.2, na uzito wa tani 3,390 ikiwa na mzigo wa kawaida. Sehemu yake iliyokaa chini ya maji ilikuwa na kimo cha mita 5.3 hivi. Urefu unaugawa kwa 72 mara moja, lakini uzito unaugawa kwa 72 mara tatu, yaani kwa 373,248. Unapata modeli ya mita 1.60, upana sm 18.3, inayokaa chini ya maji kwa sm 7.4 na kuwa na uzito wa kilo 9.1. Hizo kilo 9.1 ni kila kitu: mbao, rangi, betri, hadi kamba ya bendera. Ukizidisha gramu 200, meli hii inashuka milimita moja. Ukizidisha kilo mbili, mstari wa maji umepotea sentimita nzima, na kila mjuzi wa meli ataliona hilo akiwa bado ufukweni.

Zigawe hivi kabla hujakata ubao: bodi na sitaha kilo 3, vitu vyote vya juu, yaani bomba, milingoti, boti na mizinga kumi, gramu 900 na si zaidi, mota, shafti, sevo (kimota cha kugeuza usukani) na waya kilo 1.2, betri kilo 1, zinazobaki, kilo 3, ni farumi, yaani uzito wa kutuliza meli, ya madini ya risasi, iliyolala juu ya mkuku (uti wa chini wa meli). Andika jedwali ukutani, na kila kipande kipite kwenye mzani wa jikoni kabla ya kugundishwa. Juu ya sitaha ndiko uzito unakonyemelea: gramu kumi hapa, ishirini pale, na bomba lililokatwa kwenye bati nzito kwa sababu ndilo lililokuwepo karakanani.

Kuhusu mbao au faiba, kwa mtu anayejenga meli moja tu, mbao iliyovikwa faiba inashinda. Kutengeneza kalibu ya faiba kunalipa ukitaka bodi tatu au nne. Kata mataruma (mbavu za meli) 16 kwa plaiwudi ya majini ya mm 4, yasimame kila sm 10. Ubavu uufunike kwa fito za saiprasi au paini za mm 3 kwa 8. Mtondoo na mninga waachie wajenzi wa majahazi. Hapa ni mizito mno. Kila ukipiga ufito mmoja kulia, piga mwenzake kushoto. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mkuku utapinda, na mkuku uliopinda haunyooshwi tena: meli itavuta upande mmoja maisha yake yote.

Nje weka tabaka mbili za kitambaa cha faiba cha gramu 160 kwa mita ya mraba, ndani tabaka moja ya gramu 100. Resini iwe ya epoksi. Ile ya poliesta wanayotumia mafundi wa boti haishiki mbao sawasawa, na baada ya kulowa na kukauka mara kadhaa inaanza kubanduka. Nusu kilo ya epoksi inatosha na kubaki. Joto la Tanga lina ukali wake: changanya gramu 60 kwa mara moja, na uimwage kwenye sahani pana. Ukiiacha kwenye kikombe itachemka, itatoa moshi na kuganda mkononi mwako. Asubuhi ukikuta utelezi kama nta juu ya tabaka iliyokauka, hiyo ni kazi ya unyevu wa hewa. Ioshe kwa maji na kitambaa kikwaruzo kabla ya msasa, la sivyo praima haitashika.

Mwendo nao una hesabu yake: unaugawa kwa kipeuo cha pili cha 72, yaani 8.5 hivi. Mafundo 23 ya meli halisi, kwa skeli hii, ni mita 1.4 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu bila kuzubaa. Mota mbili za 12V zenye mzunguko wa polepole na pangaboi mbili za mm 40 zinakufikisha hapo. Pangaboi zizunguke kinyume, na sehemu ya juu ya kila moja ielekee nje. Usukani uongeze ukubwa kwa theluthi moja kuliko ramani, kwa sababu usukani uliopunguzwa sawasawa haugeuzi modeli.

Mizinga ilikuwa ya sm 10.5: miwili omo (mbele), miwili tezi (nyuma), mitatu kila ubavu. Mmoja wake uko Fort Jesus, Mombasa, na si mbali na wewe. Nenda na futi na kamera. Pima mtutu tu: baada ya meli kuangamizwa Julai 1915, mizinga ilifungwa magurudumu ikapigana nchi kavu, hivyo kitako unachokiona si cha sitahani. Mtutu wa mita 4.2 unakuwa mm 58 kwenye modeli yako, na tundu la mdomo ni milimita moja na nusu. Tumia bomba jembamba la shaba. Ukitumia fimbo nene isiyo na tundu, mizinga kumi peke yake itameza nafasi ya boti zote.

SWALI: Nilinunua modeli ya zamani ya manowari ya Kiingereza, mita 1.8, kilo 12. Ilikuwa na betri mbili za jeli za 12V 7Ah. Nimeziondoa, nimeweka mbili za lithiamu za ukubwa uleule. Sasa inakwenda vizuri ikiwa imenyooka, lakini nikikata kona kwa kasi inalala, na juzi ilibaki imelala. Nimeharibu nini? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hujaharibu kitu, ndugu, umeondoa farumi bila kujua. Betri ya jeli ya 7Ah ina uzito wa kilo 2.3 hivi, na ya lithiamu fosfeti ya 7Ah haifiki kilo moja. Kwa mbili umetoa karibu kilo tatu kutoka sakafuni kabisa mwa meli, na vya juu vyote vimebaki pale pale. Itie majini uitazame: mstari wa maji uliopakwa rangi umepanda juu ya maji kwa zaidi ya sentimita moja.

Rudisha kilo hizo tatu kwa risasi, tena chini zaidi ya zilipokuwa betri. Vipande vya bapa vya mm 5 hadi 10, vilazwe pande zote mbili za mkuku. Usivigundishe siku hiyo. Vifunge kwa mkanda, elea kwenye beseni au tangi, sogeza vipande hadi omo na tezi vikae sawa na mstari. Kisha jaribu kuyumba: bonyeza ubavu kwa kidole, achia, hesabu miyumbo kumi kamili kwa saa ya simu. Kwa upana wa sm 18 hivi, muyumbo mmoja wa sekunde 1 hadi 1.5 ni salama. Ukivuka sekunde 2, na meli inarudi kwa uvivu kama inayofikiri, risasi bado haitoshi au vitu vya juu ni vizito. Ukiridhika ndipo umwage resini juu ya vipande visiteleze. Risasi inayoteleza kwenye kona ni hatari kuliko risasi iliyopungua.

Chaja nayo ibadilishe. Ile ya jeli yenye hatua ya kufufua betri hupandisha volti kuliko lithiamu inavyostahimili. Hii yako isipite 14.6V. Na kama bado unazo zile za jeli kwa modeli nyingine, usizichaji sitaha ikiwa imefungwa. Hutoa haidrojeni, na cheche ya swichi inatosha kupasua bodi.

SWALI: Kila nikimaliza nusu saa ziwani nakuta kikombe kizima cha maji ndani. Bodi haina ufa. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Yanaingia kupitia bomba la shafti. Toa shafti, safisha, jaza grisi nzito ya majini hadi itokeze upande wa pili, na urudie kila baada ya siku tatu nne za kuelea. Mwanya kati ya nati ya pangaboi na mdomo wa bomba uwe nusu milimita. Ukikaza hadi ziguse, bushi itakwisha na maji yatapita yanavyotaka. Ukisikia shafti inanguruma, mota na bomba havijanyooka. Legeza kitako cha mota, toa kiungo cha mpira, weka mahali pake kipande cha bomba gumu kinachoingia kwenye shafti zote mbili bila kucheza, gundisha kitako upya, halafu rudisha kiungo.

Usikichukulie kikombe hicho kirahisi. Nusu lita ya maji kwenye sakafu bapa yenye urefu wa mita moja na upana wa sm 16 ina kina cha milimita tatu tu. Lakini meli ikiinama, maji yote yanakimbilia upande ulioinama na kuisukuma zaidi. Manowari nyingi nyembamba hupinduka hivyo, zikiwa bado mbali na kujaa. Gundisha ubao wa kusimama wenye kimo cha sm 2 katikati kwa urefu, juu ya mkuku. Kugawa sakafu mara mbili kwa upana kunapunguza madhara hayo hadi robo. Vizuizi vya kukingama peke yake havisaidii kiasi hicho.

SWALI: Rimoti yangu ni ya 2.4 GHz. Mezani inafanya kazi vizuri, majini inakatika nikifika mita thelathini, na wakati mwingine usukani unatetemeka. – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hayo ni magonjwa mawili. Kukatika: kipokezi chako kiko chini ya mstari wa maji. Mawimbi ya 2.4 GHz hayapenyi maji. Kipandishe hadi chini ya sitaha au ndani ya jengo la juu, ncha za antena zielekee pande mbili tofauti kwa pembe mraba, mbali na betri, risasi na bati.

Kutetemeka: kama una vidhibiti mwendo viwili, kila kimoja kinapeleka 5V kwenye kipokezi na vinagombana. Chomoa waya mwekundu wa kimoja kwenye plagi, uufunge kwa mkanda. Halafu tazama mota zako za brashi. Kila moja inahitaji kapasita tatu za 0.1 µF: moja kati ya miguu miwili, na moja kutoka kila mguu hadi kwenye ganda la mota. Kwangua ganda kwa msasa kwanza, la sivyo lehemu haitashika. Mwisho, zima rimoti meli ikiwa mezani huku pangaboi zikizunguka. Zisiposimama, failsefu (kinga ya kusimamisha mota mawasiliano yakikatika) haijawekwa, na siku mawasiliano yatakapokatika meli itaendelea kwenda hadi igonge kitu.

SWALI: Je, naweza kuielea baharini? Huku hatuna maziwa. – Mswahili wa Maskati

JIBU: Unaweza, ndani ya ghuba iliyotulia, asubuhi mapema. Maji ya chumvi ni mazito kidogo, hivyo modeli ya kilo 9 itapanda kama milimita moja tu. Farumi iache ilivyo. Adui wako ni upepo. Wenyewe haupungui kwa skeli: upepo wa mafundo 10 kwa modeli ya 1:72 unakuwa sawa na mafundo 85 kwa meli halisi. Bendera za ufukweni zikianza kunyooka, rudisha meli.

Shafti na nati ziwe za stenlesi ya 316. Ukirudi nyumbani, suuza meli yote kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, toa shafti, futa, tia grisi mpya, na uache sitaha wazi usiku kucha. Chumvi iliyobaki kwenye plagi za waya hugeuka unga wa kijani ndani ya wiki, na unga huo ndio utakaokusimamishia mota katikati ya maji.