Mbwa wa ulinzi naye achanwe
Ndugu yangu, umeuliza kama mbwa wa kulinda geti naye anahitaji kuchanwa manyoya. Anahitaji, tena sana. Brashi si urembo, ndiyo nafasi yako ya kumpapasa mwili mzima. Wangu nilimkuta na kupe wanne katikati ya vidole vya mguu wa mbele, wamevimba kama punje za mbaazi, na kwa macho tu nisingewaona. Kupe huambukiza homa inayomaliza damu mpaka fizi zinapauka. Kagua ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkia. Ukimwona, mbane kwa kibano karibu na ngozi, mvute taratibu. Mafuta ya taa usipake kabisa! Kumchana mara mbili kwa wiki inatosha. Kumwogesha kila siku? Hapana, ngozi itakauka.