Bastola, taima na katoni: maswali yenu

Tangu niguse habari ya mashindano ya bastola za kujihami, ujumbe haujakatika. Wengi mmeuliza ya maana. Wengine mnataka bei za bastola kana kwamba nina duka la silaha hapa Malindi. Hao nawaambia leseni kwanza, bei baadaye. Yaliyobaki nayajibu hapa, na marefu nimeyafupisha.

Nina leseni na bastola ya milimita 9. Watu wa Mombasa wananitajia IDPA. Ni nini hasa, na si kulenga shabaha tu? (Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Malindi mjini)

Kulenga shabaha ulikozoea, unasimama mahali pamoja, unatuliza pumzi, unapiga ukiwa tayari. Hapa taima, saa inayopima muda wako, ikilia lazima utembee, ujifiche na uamue nani apigwe na nani aachwe.

IDPA ni chama cha mashindano haya ya bastola za kujihami, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1996. Waanzilishi wake, akina Bill Wilson, Ken Hackathorn na Larry Vickers, hawakupendezwa na njia uliyochukua mchezo wa IPSC, mashindano mengine ya kupiga huku ukitembea, ule ulioundwa Columbia, Missouri, mwaka 1976, Jeff Cooper akiwa rais wake wa kwanza. IPSC nayo ilianza na bastola za kawaida, lakini miaka ilivyosonga washindani wakaja na silaha zilizotengenezwa kwa ajili ya uwanjani tu: vioo vya elektroniki vya kulengea, magazini ndefu, ala (mifuko ya bastola) ambazo huwezi kupita nazo sokoni. Wilson na wenzake wakataka mchezo wa bastola ile ile mtu anayoibeba kila siku, ikiwa imefichwa chini ya nguo.

Kila kituo, yaani kila zoezi la kupiga, kina kisa chake. Chukua mfano huu: umeketi mezani, mkononi kikombe. Taima inalia. Unaachia kikombe, mkono wa kushoto unapandisha shati, wa kulia unachomoa. Katoni ya karibu, yaani shabaha yenye umbo la mtu, unaipiga risasi mbili huku ukirudi nyuma hadi kwenye pipa. Hapo unachungulia kidogo kidogo; unampiga unayemwona kwanza kabla hujajitokeza kwa anayefuata. Chini kuna mstari, na mguu ukiuvuka ukiwa unapiga umejitia adhabuni. Katikati ya katoni mbili zilizochorwa silaha imesimama moja iliyochorwa viganja vitupu. Huyo ni raia, usimguse. Risasi hazizidi 18 kwa kituo, na dakika nzima haiishi.

Kwa Pwani, wengi huelekea Bamburi Rifle Club. Bara kuna uwanja wa polisi wa Kirigiti, Kiambu, ambako mashindano ya kimataifa ya IDPA yamewahi kufanyika.

Nilipiga haraka kuliko wote katika kundi letu, kisha nikaambiwa nimekuwa wa saba. Hesabu gani hii? (Msomaji, Kilifi)

Hesabu ya sekunde. Wanachukua muda wako, wanaongeza ulichoharibu, mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Katika katoni, duara la kifuani lenye upana wa sentimita 20 hivi, na lile dogo la kichwani la sentimita 10, halikugharimu kitu. Risasi ikiangukia sehemu inayozunguka duara, umeangusha pointi 1, nayo ni sekunde 1 ya kuongezewa. Ukienda pembeni kabisa, 3. Ukikosa katoni, 5. Kukiuka utaratibu, kama ule mguu kuvuka mstari, ni sekunde 3. Ukimpiga raia, 5. Udanganyifu ndio ghali kuliko vyote: sekunde 20.

Sasa tuseme wewe umemaliza kwa sekunde 14.2 lakini umeangusha pointi 9. Jumla ni 23.2. Mzee aliyekufuata ametumia 18.5, akaangusha 1 tu. Ana 19.5, anakupita akijifutia miwani. Zamani pointi moja ilikuwa nusu sekunde, na wenye papara walivumilika. Tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2017 ni sekunde nzima, na mimi naona mchezo umepata akili zaidi. Usipunguze mwendo wa mkono unapochomoa. Hapo hakuna anayekulaumu. Punguza pale alama ya mbele ya bastola inapokutana na katoni. Ona alama ya kulengea, ndipo uvute.

Rafiki yangu alifukuzwa uwanjani siku nzima na hakuumiza mtu. Si uonevu? (Kijana wa Majengo, Malindi)

Kama angengojewa mpaka aumize mtu, ungeniandikia barua nyingine. Mtutu ukigeuka nyuma kupita mstari wa mabega, nje. Mtutu ukipita juu ya mtu, hata mkono wako mwenyewe, nje. Risasi ikitoka bila kukusudiwa, nje. Bastola ikianguka, nje pia, na hapa sikiliza: ikikuponyoka, iache ianguke. Watu huumia wakijaribu kuidaka, kwa sababu kidole hutangulia kwenye kifyatulio. Ikishafika chini usiiokote. Afisa wa usalama ataiokota na kuitoa risasi. Nje ya zamu yako bastola inakaa kwenye ala, tupu, na huigusi hata kwa kuionyesha tu.

Mimi ni mwanamke, nina leseni, navaa baibui. Nitashindana hivi hivi? (Mama wa biashara, Langoni, Lamu)

Dada yangu, kanuni inataka bastola isionekane unaponyoosha mikono pembeni. Baibui linapita mtihani huo kuliko shati lolote la mwanamume. Kazi ni kuifikia. Baibui lililoshonwa mbele moja kwa moja halipandishwi kwa mkono mmoja bila kitambaa kujisokota kwenye mpini. Hatari kubwa zaidi ni wakati wa kurudisha: pindo likiingia kwenye ala pamoja na bastola linaweza kuvuta kifyatulio, nawe bado unasukuma chini.

Kwa hiyo vaa lile linalofunguka mbele, juu ya suruali pana na mkanda mgumu. Unalirusha upande wa kulia nyuma kwa kiganja, unachomoa. Ukimaliza, angalia ala kwa macho, shika pindo mbali kwa mkono wa kushoto, kisha rudisha taratibu. Muda umeshasimama, hakuna anayekukimbiza. Ala ikae kiunoni upande wa mkono unaopigia. Mkoba wa mkononi hauruhusiwi. Ncha za mtandio zichomeke ndani.

Na una jambo ambalo wanaume hawana. Ganda la risasi likitoka ni la moto, na hupenda kola zilizo wazi. Nimeona watu wazima wakicheza chakacha katikati ya kituo. Kichekesho, ila mtu anayejikuna shingo na bastola mkononi husahau mtutu unatazama wapi. Mtandio wako umeziba mlango huo.

Mshindi anapewa zawadi. Hii si kamari? (Msomaji wa Shela)

Mimi si shekhe. Ninachojua ni kwamba ipo hadithi ya Mtume inayoruhusu zawadi ya mashindano katika mshale, farasi na ngamia, na wapo wanazuoni wanaotia kulenga kwa bunduki katika fungu la mshale. Mwulize mwalimu wako, na umweleze pia kama washindani wenyewe wanachanga hiyo zawadi, maana atakuuliza. Mara nyingi ni kikombe cha kuweka kabatini.

Mimi ni nahodha wa mashua, sina leseni. Naweza kuanza na bastola ya plastiki inayofanana na ya kweli? (Kijana wa Mokowe)

Hapana, tena kwenu Lamu hapana mara mbili. Tangu shambulio la Mpeketoni mwaka 2014, na operesheni za msitu wa Boni zilizofuata, askari akiona umbo la bastola kiunoni hatakuuliza kama ni plastiki.

Njia yako ni ndefu kidogo. Bunduki Kenya si haki ya kila raia. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaiachia bodi ya leseni uamuzi wa kukupa au kukunyima, na utachunguzwa mwenendo, akili na sababu zako. Mwishoni mwa mwaka 2018 hata waliokuwa na vyeti tayari waliamriwa kujitokeza wachunguzwe upya. Huku ukingoja, zungumza na klabu uje kama msaidizi. Kuna mashimo ya kubandika kwenye katoni, alama za kuandika, maganda ya kuokota. Anayebandika katoni asubuhi nzima anaona makosa ya kila mtu kwa karibu, na wengi wanaoanza hivyo hawana haja ya kuambiwa kitu mara mbili siku yao ikifika.

Vizuizi kati ya Lamu na Malindi je? Nikipita na bastola naogopa kueleweka vibaya. (Mfanyakazi wa hoteli)

Sema kwa mdomo kabla mkono haujasogea. "Afande, nina silaha yenye leseni, iko kiunoni upande wa kulia, cheti kiko mfukoni." Mikono juu ya usukani au magotini, kisha fuata utakachoambiwa. Usijaribu kuitoa uionyeshe. Ukiwa kwenye basi, mwambie yeye peke yake kwa sauti ya chini. Abiria wote hawahitaji kujua.

Bastola yangu inaota kutu ingawa naifuta. Naishi karibu na ufuo. (Ngomeni)

Labda unailaza ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya jasho na chumvi na kuvilaza na chuma usiku kucha. Ivae kwenye ala, ilaze nje ya ala. Sisi wa ufuoni, hasa kusi linapovuma, tufute kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, si mafuta ya kuchuruzika yanayokamata mchanga. Watu wanafuta slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, inayong'aa na kusahau skrubu, alama za kulengea, na springi za magazini. Toa risasi zako pia uzitazame kwenye mwanga. Ganda likiota ukijani, hiyo usiende nayo mashindanoni.

Uwanjani mikono inatetemeka, na risasi ni ghali. Nifanye mazoezi vipi? (Mwalimu, Mambrui)

Kutetemeka hakuishi, ila mikono inayojua kazi yake inaifanya ikitetemeka. Mazoezi bila risasi ndiyo yatakayokujenga, na hayagharimu kitu. Risasi zote ziwe chumba kingine. Kagua bastola kwa jicho na kwa kidole, mara mbili. Elekeza kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, si ule wa makuti ambao nyuma yake kuna jirani. Chomoa polepole hadi kila kiungo kijue njia: nguo juu, mshiko kamili ukiwa bado kwenye ala, mtutu mbele, mkono wa pili unakutana nao kifuani, kidole kinaingia mwishoni. Robo saa inatosha. Ukimaliza, sema kwa sauti kwamba umemaliza, na usirudie "moja ya mwisho" baada ya kujaza risasi. Moja ya mwisho imetoboa kuta nyingi.

Nikijua mchezo huu, wezi wanaoruka ua wangu nitawaweza? (Mwenye nyumba, Watamu)

Nilijua litakuja. Katoni hairudishi risasi, haikimbii, wala haina mama atakayekuja kulia getini kwako. Na uwanjani umeelezwa kila kitu kabla ya taima kulia. Mtu asikudanganye kwamba kikombe ni kinga.

Kuna kitu unachobeba nyumbani lakini, na ndicho kinachonifanya niupende mchezo huu: jicho linaloanzia kwenye viganja. Msimu mzima umekuwa ukitozwa sekunde tano kwa kila raia, mpaka macho yanatafuta mikono kabla ya uso. Usiku wa manane, yule kivuli uani anaweza kuwa mlinzi wako, au mpwa aliyechelewa harusini Gede. Tochi kwanza. Sauti kwanza. Mlango uliofungwa na simu kwa polisi kabla ya hayo yote.

Kuhusu sheria, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinapima nguvu ya kujihami kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza. Kwa Kiswahili cha barazani: hatari iwe ya kweli machoni pako, na nguvu uliyotumia iwe na kadiri. Anayekimbia na televisheni yako amekupa mgongo. Ukimpiga hapo, utaeleza kadiri gani? Zungumza na wakili wakati huna kesi, ni rahisi zaidi.

Masikio yanavuma siku mbili baada ya mazoezi. Ni kawaida? (Msomaji, Malindi)

Si kawaida, ni madhara. Mlio wa bastola ya milimita 9 unafika desibeli 160 hivi, na kuanzia 140 mlio mmoja tu unaweza kuharibu. Vaa vizibo ndani ya sikio na vifuniko juu yake, vyote viwili, hasa chini ya paa la mabati. Nenda kwa daktari wa masikio wiki hii. Na ukitoka uwanjani nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa mahamri, kwa sababu ya vumbi la madini ya risasi, ambalo ni sumu.