Kufunga Mizigo Mizito Nyuma ya Gari la Kulala: Pima Umbali Kabla ya Kuhesabu Kilo

Tulipoigeuza Coaster kuukuu, basi dogo la Toyota, kuwa gari la kulala la familia, ndani palijaa upesi. Vitanda vilichukua nafasi yake, jiko likachukua yake, na vitu vilivyobaki nikaamua vikae nje, nyuma ya gari: jenereta, madumu mawili ya maji na mtungi wa gesi. Nilikwenda Gerezani kwa fundi wa kuchomelea, nikamwonyesha kwa mikono ukubwa wa keria niliyoitaka, yaani fremu ya kubebea mizigo, naye akaijenga kwa engo (vyuma vyenye umbo la L), akaifunga kwenye bampa na kwenye bati la nyuma la bodi, akaipaka rangi nyeusi. Ilipendeza, na ilidumu safari mbili tu.

Katika safari ya pili tulikuwa tukielekea Iringa. Barabara kuu hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na matuta yake ni mengi kwa sababu ya wanyama wanaovuka. Utingo wa lori lililokuwa nyuma yetu alitoa mkono dirishani na kutupungia kwa nguvu, kisha lori lilipotupita akapaza sauti: "Kaka, mzigo wako wa nyuma unacheza!" Ndani ya hifadhi huwezi kushuka ovyo, kwa hiyo tulikwenda polepole hadi Mikumi mjini. Niliposhuka niliona bati limepasuka kuanzia kwenye tundu la bolti, ufa mwembamba kama unywele wenye urefu wa kiganja, na kuzunguka kila wosha palikuwa na unga mwekundu wa kutu uliosagika. Unga huo ndio dalili ambayo leo ningependa kila mwenye gari kama letu aijue. Chuma kilichokazwa sawasawa hakitoi unga. Chuma kinachosuguana na chuma mwenzake kila gari linapotikisika ndicho kinachoutoa, na maana yake ni kwamba kiungo hicho kimekuwa kikicheza kwa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kukigundua.

Niliporudi Dar es Salaam nilifanya kazi ambayo ilipaswa kutangulia, yaani kupima. Niliazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza mkaa, nikapima kila kitu kimoja kimoja, na jumla pamoja na keria yenyewe ikafika kilo 160. Kwa gari la ukubwa ule uzito huo hauonekani mkubwa, kwani ni sawa na abiria wawili wanene, na Coaster hubeba abiria zaidi ya ishirini. Tofauti ni mahali wanapokaa. Abiria wengi huketi kati ya ekseli mbili, yaani mihimili inayobeba magurudumu ya mbele na ya nyuma, ilhali mzigo wa keria uko nyuma kabisa ya ekseli ya mwisho.

Aliyewahi kubeba mzega atalielewa jambo hili bila hesabu. Bega ndilo ekseli ya nyuma. Ukining'iniza ndoo nyuma peke yake, mbele ya mti huinuka, na mkono wako hauna budi kuukandamiza. Kadiri ndoo inavyosogea mbali na bega ndivyo mkono unavyochoka, hata kama maji ya ndoo hayajaongezeka hata kikombe. Katika gari letu, umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita 3.9, na kitovu cha mzigo kilikuwa mita 2.3 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha 160 kwa 2.3, ugawanye kwa 3.9, utapata takriban kilo 94. Hizo ndizo kilo zilizoondolewa kwenye magurudumu ya mbele, yaani yanayoongoza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, na zote zikahamia nyuma juu ya zile 160. Ekseli ya nyuma ilikuwa imeongezewa kilo 254 wakati mimi naamini nimeiongezea 160.

Kama huna hesabu, tumia futikamba. Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya kila gurudumu, kwanza bila mzigo na kisha ukiwa na mzigo. Kwangu nyuma ilishuka sentimita 4 na mbele ikainuka sentimita 1.5, na hapo nikaelewa kwa nini usukani ulikuwa mwepesi kuliko kawaida na kwa nini madereva wa mbele walikuwa wakiniwashia taa kila usiku: taa zangu zilikuwa zimeinuka na kuwamulika machoni.

Wengi hushauriwa kuongeza jani moja la springi, na mimi pia nilishauriwa hivyo. Springi mpya huinua bodi, lakini haiongezi uwezo wa ekseli, wala wa tairi, wala wa breki. Soma ubavu wa tairi lako. Likiandikwa 118/116, namba ya kwanza inamaanisha kilo 1,320 kwa tairi linalofungwa peke yake, na ya pili kilo 1,250 kwa tairi lililofungwa pacha kama ya nyuma yetu, na ni kwa upepo kamili tu. Aidha, magari yenye uzito wa jumla wa kuanzia kilo 3,500 yanahusika na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, na kwenye mizani kama ile ya Vigwaza, katika Barabara ya Morogoro, uzito wa kila ekseli hupimwa. Gari linaweza kuwa ndani ya uzito wake wa jumla huku ekseli ya nyuma ikiwa imezidi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla ya chuma chochote kukatwa, ni kuuliza ni kitu gani kinaweza kuondoka nyuma. Maji yalihamia kwenye tangi chini ya kitanda, kati ya ekseli mbili. Hizo peke yake zilikuwa kilo 40. Mtungi wa gesi wa kilo 15, ambao ukijaa hukaribia kilo 30 kwa sababu ya chuma chake, uliwekewa kisanduku cha pembeni kinachofunguka kwa nje, chenye matundu chini ili gesi ikivuja ishuke nje, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Petroli ya akiba sikutaka kuiona nyuma kabisa. Mahali hapo ndipo gari jingine litakapogonga likishindwa kusimama, na ekzosi yetu hutokea hapohapo. Nyuma ikabaki jenereta peke yake, yenye kilo 48.

Keria ya pili ilijengwa na fundi mwingine, mzee aliyenisikiliza hadi mwisho kisha akaniambia, "Bodi ni nguo, chesisi ndiyo mifupa. Huwezi kuning'iniza mzigo kwenye nguo." Chesisi ni fremu ya chuma iliyo chini ya bodi. Tulishuka chini ya gari pamoja na tochi. Alichukua vipande viwili vya skwea paipu nzito (bomba la pembe nne), akavilaza ubavuni mwa chesisi, kushoto na kulia, vikaingia ndani sentimita 60 kabla ya kutokeza nyuma. Urefu huo wa kuingia ndani ndio moyo wa kazi yote. Tuseme mzigo wa kilo 160 uko sentimita 60 nyuma ya bolti ya mwisho. Kama chuma kimeingia sentimita 20 tu, bolti ya mbele huvutwa kwa nguvu ya kilo 480. Kikiingia sentimita 60, huvutwa kwa kilo 160. Na hiyo ni gari likiwa limesimama. Kwenye tuta nguvu hiyo huongezeka mara kadhaa, ndiyo maana mimi hukadiria mara 3 ninapochagua chuma na bolti. Fundi anayekuambia kwamba vipande vifupi vinatosha kwa sababu chuma ni kinene hajakosea kuhusu unene wa chuma, bali amesahau bolti.

Matundu yalitobolewa kwenye uso wa wima wa chesisi, katikati, wala si kwenye kingo za juu na chini, kwa maana kingo hizo ndizo zinazobeba mvutano chesisi inapopinda. Hatukuchomelea kitu chochote moja kwa moja kwenye chesisi, kwa sababu joto la kuchomelea hubadilisha chuma kando ya mshono, na nyufa hupenda kuanzia hapo. Viunganisho vingine vya keria vilichomelewa mezani, mbali na gari. Ikilazimu kuchomelea kitu kikiwa kimefungwa kwenye gari, chomoa waya hasi wa betri kwanza na uhakikishe klipu ya ethi (waya wa mashine unaorudisha umeme) imebanwa karibu na mahali panapochomelewa, la sivyo umeme utatafuta njia yake kupitia oltaneta au kompyuta ya gari.

Kuhusu bolti, tazama kichwa chake. Bolti isiyo na alama yoyote usiipe kazi hii. Tafuta iliyopigwa muhuri wa 8.8, yaani daraja la nguvu ya chuma chake. Tulitumia za milimita 12, nne kila upande, zenye wosha pana na nati za kujifunga zenye nailoni. Bolti ya namna hiyo hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 80, yaani kama unasukuma spana ya nusu mita kwa nguvu ya kilo 16 hivi. Kabla ya kufunga, kwangua rangi nene chini ya wosha, upake safu nyembamba tu ya kuzuia kutu. Rangi nene husagika baada ya siku chache, na nafasi iliyokuwa imejazwa na rangi hugeuka kuwa ulegevu. Hapa Dar es Salaam, ambako upepo wa bahari hula chuma hata kilicho chini ya paa, ncha za paipu zote zizibwe, na chini kabisa patobolewe tundu dogo la kutolea maji.

Jenereta imefungwa kwa bolti kupitia miguu yake, juu ya raba, na mkanda wenye racheti ni msaada wa pili tu. Mipira ya kufungia mizigo kwenye pikipiki haifai hata kidogo kwa kitu kizito, kwa kuwa hunyumbuka kila tuta na kuuachia mzigo upate kasi kabla ya kuuzuia. Mkanda wenyewe nauwekea kipande cha tyubu kuukuu mahali unapopita kwenye kona ya chuma, na ukianza kukauka na kutoa nyuzi kwa jua, naubadilisha bila kuuhurumia.

Jambo moja naliandika kwa uzito wote. Jenereta haiwashwi ikiwa nyuma ya gari wakati watu wamelala ndani. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo huingia kupitia nafasi ndogo za mlango na kumuua mtu usingizini. Sisi tunaizima kabla ya kulala, bila kujali joto. Vilevile keria isizibe mlango wa dharura. Yangu ya kwanza iliuziba, na ninapokumbuka kwamba watoto watatu walilala humo usiku kadhaa, moyo hunienda mbio.

Taa za nyuma, indiketa na kibati cha namba lazima vionekane vyote. Visipoonekana, vihamishie kwenye keria na kuvifungia waya upya. Kisha jifunze upya urefu wa gari lako. Mkia huu mpya unapokata kona huelea upande wa pili, na katika mitaa ya Kariakoo sentimita 30 ni meza ya mtu. Kwenye kivuko cha Kigamboni, maji yakiwa yamekupwa, mteremko wa kuingilia huwa mkali, na keria yangu ya kwanza ilikwaruza chini hadi abiria wa miguu wakageuka. Ya pili tuliinua sentimita 12 zaidi, na bado nashusha mtu atazame kabla sijapanda.

Baada ya kila nati kukazwa, fundi alichora mstari wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye nati hadi kwenye chuma. Nati ikilegea, mstari hukatika, na huhitaji spana kujua. Kutoka Dar es Salaam kituo chetu cha kwanza ni Chalinze, baada ya zaidi ya kilomita 100, na hapo watoto hushuka na tochi kuangalia mistari yote minane kabla ya mtu yeyote kununua chochote. Safari iliyopita binti yangu aliniita: mstari wa nati ya pili upande wa kushoto ulikuwa umesogea kama milimita 3, na chini ya wosha palikuwa na unga mwekundu kidogo. Tuliikaza palepale, na tulipofika Morogoro tukanunua bolti na nati mpya, tukazifunga, na kuchora mstari mwingine.