Swali la lugha: Herufi ipi hutawala Kiswahili?

SWALI: Ndani ya daftari kuukuu la duka la nafaka hapa Iringa tumekuta mstari huu, unaoonekana kuwa wa maandishi ya siri: SFMNTIN DF SFPFSGFPU DFZFKNPF PJYMU FYAGAMN. Nimesoma kwenye intaneti kwamba herufi inayojirudia zaidi huwa ni E. Nikaigeuza F kuwa E, nikarudisha zote nyuma hatua moja, neno la kwanza likawa RELMSHM. Je, njia hii haifai kwa Kiswahili?

JIBU: Inafaa sana, ndugu msomaji. Ila hiyo E uliyoisoma ndiyo inayotawala Kiingereza, si Kiswahili. Al-Kindi, mwanazuoni wa Baghdad aliyeieleza njia hii ya kuhesabu herufi katika karne ya 9, aliagiza kwanza kuhesabu herufi za maandishi ya kawaida ya lugha ileile, na sharti hilo halijabadilika.

Katika Kiswahili inayotawala ni A, na kwa mbali. Iko kwenye wa, ya, la, cha, za na kwa. Iko kwenye viambishi ma-, wa-, -na-, -ta- na -ka-. Na vitenzi vyetu vingi vya asili ya Kibantu huishia nayo. I huifuata. Mstari wako una herufi 38: F imetokea mara 9, N na P mara 4 kila moja. Basi F ni A.

Usiamini hesabu hiyo peke yake. Tazama miisho ya maneno, maana neno la Kiswahili huishia kwa irabu, isipokuwa machache ya mkopo. Hapa miisho ni N, F, U, F, U, N: herufi tatu tu katika maneno sita. Hizo ni irabu, na huu ndio ushahidi mzito kuliko wote.

Kutoka A hadi F ni hatua 5. Ukirudi hatua 5 kwa abjadi ya Kiingereza yenye herufi 26, utapata NAHIODI YA NAKANBAKP. Umekaribia, lakini NB haikubaliki: mbele ya B nazali yetu (sauti ya puani, M au N) huwa M. Aliyeandika alitumia abjadi tunayofundishwa shuleni, yenye herufi 24, isiyo na Q wala X, na CH ikishika nafasi ya C. Kwa hiyo P hufuatwa na R, na W hufuatwa na Y. Rudi hatua 5 kwa mpangilio huo: MAHINDI YA MAKAMBAKO YATAFIKA KESHO ASUBUHI.

Mahali njia hii inapokwama ni kwenye ujumbe mfupi uliojaa majina. Jina la mji wa TUKUYU lina U tatu na halina A hata moja. Likijirudia ndani ya maneno kumi, hesabu itakupotosha. Sentensi za amri na maombi nazo huongeza E mwishoni: aje, alete, apeleke.

Na kama hakuna herufi inayojitokeza, zote zikilingana, huenda mwandishi alibadilisha idadi ya hatua kwa kila herufi akifuata neno la siri. Hapo tafuta vipande vya herufi tatu au zaidi vinavyojirudia, upime umbali kati yao. Kigawo kinachojirudia katika umbali huo huelekea kuwa urefu wa neno la siri. Friedrich Kasiski, ofisa wa jeshi la Prussia, alichapisha njia hiyo mwaka 1863. Ukishaupata urefu, panga ujumbe katika mistari yenye urefu huo, kisha hesabu kila safu ya kushuka chini peke yake, maana herufi zake zimesogezwa hatua zilezile, ukiitafuta A.