Kwa wadogo zangu mnaoanza kupiga picha orkestra

Jumapili iliyopita nilikaa nyuma kabisa ya kanisa moja hapa Lubumbashi, bila kamera, nimekuja kusikiliza tu. Vijana watatu walikuwa kazini. Mmoja alikatiza mbele ya violini za kwanza akiwa wima, kama anapita kati ya meza za harusi. Wa pili alikuwa anawasha flashi. Wa tatu, ninayemjua na kumpenda, kamera yake ilikuwa inalia "pip" kila inaposhika fokasi, na wakati ule fluti ilikuwa inapiga peke yake. Nilirudi nyumbani Kamalondo roho imeniuma. Usingizi haukuja, ndiyo maana naandika.

Tuelewane kwanza. Nikisema orkestra sisemi ile ya rumba, ambako gitaa na ngoma vinafunika makosa yako yote. Nasema violini, chelo, tromboni, watu arobaini wanaongojeana pumzi. Najua wengi wenu mliitamani kazi hii baada ya kuona picha za Orkestra ya Simfoni ya Wakimbangu (waumini wa kanisa la Simon Kimbangu) ya Kinshasa, ile aliyoianzisha Armand Diangienda mwaka 1994. Vizuri sana. Lakini hamkuona mahali mpiga picha alipojificha.

1. Sahau harusi. Harusini unaamuru: bibi harusi geuka, wazazi sogeeni. Konsetini huna mtu wa kumwamuru. Chagua kona yako kabla watu hawajaingia, na ukibadilisha kona, badilisha wakati wa makofi. Picha ya uso wa kiongozi, yule anayeongoza muziki kwa mikono, ile inayopigwa kutoka nyuma ya tromboni, ni ya siku ya mazoezi. Siku hiyohiyo mtafute mpiga timpani anapoinamisha sikio karibu na ngozi ya ngoma kuisikiliza kama imekaa sawa. Hakuna picha ya konseti inayoishinda ile. Na mkialikwa kwenye hekalu la Wakimbangu, viatu vinabaki nje. Vaeni soksi nzuri, mtapiga magoti sana.

2. Zima "pip". Zima flashi. Zima taa ndogo ya kusaidia fokasi, ile nyekundu au ya machungwa inayompiga mwanamuziki machoni akiwa anasoma nota. Zima na kioo cha nyuma ya kamera, kile kinachoonyesha picha.

3. Kimya si chako. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Miaka mingi iliyopita kwaya moja ya mjini na orkestra ndogo walikuwa wanatoa Haleluya ya Handel. Mnaijua, kwaya gani hapa haiijui? Handel aliiandika ndani ya Messiah mwaka 1741, na mpaka leo watu wakiisikia wanasimama. Nilijua watasimama, kwa hiyo mapema nilijibana kwenye nguzo ya kushoto, nikapata njia safi mpaka kwa kiongozi. Karibu na mwisho, mnakumbuka, Haleluya zinapandana mbio mbio, trumpeti na timpani juu, halafu vyote vinakatika ghafla. Kimya. Ndipo inaingia Haleluya ya mwisho, polepole, nzito. Mimi nota sikuzijua. Niliona tu mikono ya kiongozi imeganda hewani na jasho linamtiririka shavuni, nikasema moyoni: ndiyo hii. Kamera yangu ilikuwa ya kioo cha ndani, kile kinachoruka na kugonga kila picha inapopigwa, na nilikuwa nimeiweka kwenye picha za mfululizo. Nikabonyeza. Picha sita. Ndani ya kanisa la matofali, watu wote wameshika pumzi, kioo kile kilisikika kama mtu anakata bati kwa mkasi.

Picha ninazo bado. Katika ya kwanza, mama wote wa alto macho yako kwa kiongozi. Katika ya tatu, mmoja wa mstari wa mbele ameanza kugeuza jicho. Katika ya tano, wanne wananitazama mimi. Katika ya sita, mkono wa kushoto wa kiongozi umeshuka kidogo na mpiga trumpeti ameondoa chombo mdomoni. Haleluya ya mwisho iliingia vipandevipande, soprano mbele, tena nyuma.

Sikujua kwamba walikuwa wanarekodi. Mzee aliyeilea kwaya ile tangu mwanzo alikuwa mgonjwa kitandani, na rekodi ilikuwa ya kumpelekea yeye. Wiki iliyofuata akaniita. Nilimkuta karibu na dirisha, redio ndogo juu ya blanketi. Hakunigombeza. Alinisikilizisha pale mahali mara mbili, akauliza: "Mwanangu, wewe ulikuwa unasikia nini?" Nilikosa jibu. Sikuwa nasikia kitu, nilikuwa natazama tu. Akaanza kugonga mapigo kwa kidole kwenye ukingo wa kitanda, akaimba besi kwa sauti iliyombakia, na alipofika kwenye kimya akainua kidole kikabaki hewani. Kilikuwa kinatetemeka, lakini hakikushuka kabla ya wakati wake. Tulirudia mara tano, sita, mpaka nikaweza kunyamaza pamoja naye na kuingia pamoja naye. Alifariki mvua hazijaanza. Hakuna rekodi nyingine. Familia yake ina ileile, na kamera yangu imo ndani.

4. Mtaniambia, yaya, kamera za leo zina shata (mlango wa mwanga) isiyo na sauti. Ni kweli, tumieni. Lakini chini ya taa za LED itawachorea mistari ya giza kwenye picha, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Anzeni na mwendo wa shata wa 1/100 au 1/50 ya sekunde, mjaribu kwenye mazoezi, na kama usiku ule kuna jenereta jaribuni tena. Upinde wa violini mnaweza kuushika hata kwa 1/125 mkingoja pale unapogeuka, maana hapo unasimama kidogo. Na hilo la kugeuka hulipati kwa jicho, unalipata kwa sikio. Simfoni ya 5 ya Beethoven, kwa mfano, inaanza na kimya kifupi kabla ya zile nota nne. Orkestra nzima inavuta pumzi hapo. Asiyejua hilo anainua kamera wakati picha imeshapita.

5. Ukumbi mtupu upigwe asubuhi, kwa tripodi, kamera ikae sawa ili nguzo zisionekane zinaanguka pichani. Usikimbilie lenzi pana kuliko zote, panda baraza la juu kwanza. Kwa Jengo la 30 Juni hapa mjini, lililojengwa kuwa ukumbi wa tamthilia miaka ya 1950 kabla ya bunge la jimbo kuingia humo, nendeni na karatasi ya ruhusa mkononi, msibishane na walinzi.

Jumamosi mchana kwaya ile ya mzee ina mazoezi, na Haleluya imo. Nimeshaomba nafasi ya watu wanne kwenye benchi la besi. Kijana wa "pip", wewe ni wa kwanza. Nota nitaleta mimi. Kamera ziacheni nyumbani.